Shaka la Maswa: mjadala wa Mpanda kuhusu hukumu ya 1966

Mtu anaposhtakiwa kwa kumuua mwenzi wake wa ndoa au mzazi wake, kisha mahakama ikamwachia huru, maneno ya watu hayaishi siku jaji anapofunga jalada, kwa kuwa mahakama na jamii huwa zimeuliza maswali mawili yasiyofanana. Jamii inataka kujua nani aliua, ilhali mahakama inapaswa kujibu tu kama Jamhuri, yaani upande wa mashtaka unaosimama kwa niaba ya dola, imethibitisha pasipo shaka la msingi kwamba huyu aliyepo kizimbani ndiye aliyetenda. Kanuni hiyo iliingia katika sheria za Afrika Mashariki kutoka Uingereza, ambako iliwekwa wazi mwaka 1935 katika shauri la Woolmington, kijana aliyempiga risasi mkewe na kudai kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Haidhuru kukumbuka kwamba kanuni kuu ya kumlinda mshtakiwa iliwekwa wazi katika kesi ya mume na mke.

Kesi inayojadiliwa hapa nayo ni ya mume na mke. Jumapili ya tarehe 27 Machi 1966, Peverley Kinsey, aliyezoeleka kwa jina la Peppy, alifia kwenye kilima cha mawe karibu na Maswa, huko Usukumani, kilima ambacho kumbukumbu za kesi zinakiita Impala Hill. Yeye na mumewe, Bill Kinsey, walikuwa walimu wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani lililoanzishwa mwaka 1961 kupeleka vijana kufanya kazi katika nchi nyingine. Walikutana mafunzoni katika Chuo Kikuu cha Syracuse, wakaoana, wakaletwa Tanzania. Siku hiyo walikwenda kilimani kula chakula na kupumzika. Mume alisema mkewe alianguka kutoka juu ya jabali, kimo cha takribani futi 20. Wanakijiji waliokuwa jirani walisema walimwona akipambana naye. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa moja tu, kunyongwa hadi kufa, kama ilivyo hata leo, na Mahakama Kuu ilimsikiliza mjini Mwanza mwezi Agosti na Septemba mwaka huohuo. Jaji Harold Platt alimwachia huru.

Sauti tatu zinazobishana hapa zimeundwa kwa ajili ya hoja na hazimwakilishi mtu yeyote aliye hai. Zimewekwa Mpanda, mji wa mkoa wa Katavi ulio mbali na Maswa kwa kilomita nyingi, kwa sababu mbili. Kwanza, tangu miaka ya 1970 familia nyingi za Wasukuma zimehama na ng'ombe wao kutoka Maswa, Shinyanga na kwingineko kuja Mlele, Mpimbwe na pembezoni mwa mbuga ya Katavi, na zimekuja pia na kumbukumbu zao. Sababu ya pili itajitokeza mjadala ukifika kati. Mpelelezi ni sauti ya polisi mstaafu. Wakili ni sauti ya mtetezi. Mzee ni sauti ya mzee wa baraza, yaani mmoja wa raia walioketi na jaji ili kumpa maoni kuhusu ukweli wa mambo, ingawa jaji hakufungwa na maoni hayo.

Mpelelezi ndiye anayeanza, na hoja yake ni nzito kuliko wanavyokiri wengi wanaoitetea hukumu. Anadai kwamba katika kesi hiyo hakukuwa na kitu kimoja kilichomsonta mshtakiwa bali vitu vinne vilivyokutana mahali pamoja: mashahidi waliosema wameona kwa macho yao, bomba la chuma na jiwe, vyote vikiwa na damu na nywele, vilivyopatikana kilimani na kuwasilishwa kama vielelezo, majeraha ya kichwa ambayo upande wa mashtaka ulidai hayaelezeki kwa kuanguka, na shajara ya mshtakiwa, ambamo upande wa mashtaka, ukiongozwa na wakili wa serikali Ededen Effiwat, raia wa Nigeria, ulisoma maneno uliyoyaona kuwa dalili ya ndoa iliyoharibika. Zaidi ya hayo, anaongeza Mpelelezi, hakukuwa na mtu wa tatu. Leo Mahakama ya Rufani ya Tanzania inakubali kwamba aliyekuwa wa mwisho kuonekana na marehemu, asipotoa maelezo yanayoaminika, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye muuaji.

"Asipotoa maelezo yanayoaminika," anarudia Wakili, akiyakazia maneno hayo. "Bwana Mpelelezi ameitaja kanuni na kuuruka mlango wake. Huyu alitoa maelezo siku ileile, na aliyasimamia mpaka mwisho wa kesi. Kazi ya Jamhuri ilikuwa kuyabomoa."

Kuhusu shajara Wakili hana maneno mengi, kwa kuwa utetezi ulieleza kwamba maneno hayo yalihusu usomaji wa riwaya wala si maisha ya mwenye shajara, na mtu aliyezoea kunakili sentensi zilizomgusa atajua jinsi daftari lake lingeonekana likisomwa na mwendesha mashtaka. Kuhusu vitu vilivyobaki anarejea shauri la Simon Musoke, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki na kuchapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1958, ambalo hadi leo ndilo kipimo cha ushahidi wa kimazingira. Ushahidi wa kimazingira ni ule usioonyesha tendo lenyewe bali mambo yanayolizunguka, na kipimo chake ni kwamba mambo hayo yasiweze kuelezeka kwa njia nyingine yoyote ya maana isipokuwa hatia ya mshtakiwa. Damu na nywele kwenye jiwe, anasema, vinaelezeka kwa hatia, na vinaelezeka vilevile kwa kichwa kilichogonga jiwe. Kukiwa na maelezo mawili yaliyosimama, jaji haulizwi ni lipi linalomvutia.

"Na bomba?" anauliza Mpelelezi. "Watu wanaokwenda kula chakula kilimani hubeba chupa, hubeba vyombo. Bomba la chuma la nini?"

Hapa Mzee anaingilia kwa mara ya kwanza. Anasema kwamba Usukumani mwanamume anayetoka nyumbani bila fimbo ndiye anayeulizwa anakwenda wapi, na kwamba chombo kuwa kilimani ni jambo moja na chombo kuinuliwa ni jambo la pili. Wakili anaafiki. Mshtakiwa alikuwa na maelezo yake kuhusu bomba hilo, na kama maelezo hayo yalikuwa ya ajabu, uajabu peke yake haujawahi kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu. Mpelelezi haridhiki, na ni haki yake. Msomaji wa leo naye hana sababu ya kuridhika haraka, kwa maana kielelezo hicho ndicho kinachoifanya kesi ya Maswa isilale.

Walakini uzito wa kesi haukuwa kwenye bomba. Ulikuwa kwenye macho ya mashahidi, na hapo mjadala unapaswa kukaa kwa muda.

"Mzee wangu," anasema Mpelelezi kwa upole, "hao walikuwa watu wa Maswa, wenyeji, hawakuwa na ugomvi na Mzungu yule. Kwa nini wasiaminiwe?"

Mzee hasemi kwamba walidanganya. Anasema kwamba kuona kuna umbali wake, kuna jua lake na kuna pembe yake. Mchana wa Machi, mvua ikiwa imepumzika, jabali la Usukumani hupata moto mpaka hewa iliyo juu yake inatetemeka, na mazigazi, yaani yale maji ya uongo yanayoonekana kwa mbali juu ya ardhi iliyochomwa na jua, huweza kuyafanya maumbo yacheze. Aliyesimama chini, shambani, akitazama juu kwenye mawe, haoni mikono. Anaona migongo na vichwa vinavyoinuka na kuinama. Mtu anayemkandamiza majeruhi anayefurukuta ili asijiumize zaidi, na mtu anayempiga aliyelala chini, wote wawili huinama, hushika, huinuka, huinama tena. Utetezi ulishikilia maelezo ya namna hiyo, kwamba kilichoonekana kama mapambano kilikuwa juhudi ya kumtuliza mtu aliyeumia kichwa.

Kisha Mzee anagusia lugha, na hapa anasema jambo ambalo vitabu vya sheria hulipita haraka. Mahakama Kuu ya wakati huo iliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza, huku shahidi wa kijijini akisema Kisukuma au Kiswahili, na baina yao kulikuwa na mkalimani. Katika Kiswahili, kwa mfano, mtu anaweza kusema "niliwaona wameshikana," na neno hilo hutumika kwa wapenzi, kwa watu wanaosaidiana kuvuka mto, na kwa watu wanaopigana. Mkalimani lazima achague moja, na akishachagua, neno lililoandikwa kwenye jalada ndilo litakalosomwa na jaji, litakalobishaniwa na mawakili, na litakalompeleka mtu kwenye kitanzi au nyumbani. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania ilipitishwa mwaka 2021, miaka 55 baada ya kesi ya Maswa. Mpelelezi anakubali kwamba jambo hilo lina uzito, lakini anakumbusha kwamba maneno yanaweza kupotoka kuelekea upande wowote, na kwamba ukalimani mbovu huenda uliwaokoa wenye hatia wengi kama ulivyowaangamiza wasio nayo.

Ili kuonyesha kwamba mashaka yake hayatokani na chuki dhidi ya mtu mmoja, Mpelelezi anapeleka mjadala Marekani, katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts, ambako tarehe 4 Agosti 1892 Andrew Borden na mkewe Abby waliuawa nyumbani kwao kwa mapigo ya shoka dogo. Binti wa Andrew, Lizzie, aliyekuwa nyumbani pamoja na mtumishi, alishtakiwa kwa kumuua baba yake na mama yake wa kambo. Siku chache baada ya mauaji aliteketeza gauni jikoni, akasema lilichafuka rangi. Polisi walipata kichwa cha shoka kisicho na mpini. Majaji walikataa kupokea ushahidi kwamba alijaribu kununua sumu siku moja kabla, wakakataa pia maelezo aliyoyatoa katika uchunguzi wa awali, na tarehe 20 Juni 1893 wanaume 12 wa baraza la mahakama, ambao katika mfumo wa huko ndio wanaoamua hatia, walimwachia huru baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja na nusu hivi. "Alirudi Fall River akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1927," anasema Mpelelezi, "na hakuna mwingine aliyewahi kutiwa hatiani. Shoka halikujishika lenyewe."

Wakili anamjibu kwa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1941, huko Nairobi, Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa kumuua kwa risasi Lord Erroll, aliyekuwa na uhusiano na mke kijana wa Broughton, na kila mlowezi Kenya alikuwa ameshahukumu kabla kesi haijaanza. Wakili Harry Morris, aliyetoka Johannesburg, alishughulika na jambo moja tu, alama za mtutu kwenye risasi, akaonyesha kwamba bunduki iliyodaiwa kutumika haikulingana nazo. Broughton aliachiwa tarehe 1 Julai 1941, akajiua Liverpool mwishoni mwa 1942, na watu wakakifanya kifo hicho kuwa ungamo. Wakili anauona mfano huu kuwa na mafunzo zaidi kuliko ule wa Fall River, kwa sababu unaonyesha kwamba jamii ikishaamua, hata kifo cha aliyeachiwa huandikwa upande wa mashtaka.

"Na nani walikuwa wakimhukumu?" anauliza Mzee.

Swali hilo linageuza mjadala. Broughton alihukumiwa na baraza la watu wa rangi yake, kwa kuwa katika Kenya ya kikoloni haki ya kuhukumiwa na baraza la namna hiyo walipewa Wazungu peke yao, huku Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa lilelile akisikilizwa na jaji na wazee wa baraza. Katika kesi ya Maswa wazee wa baraza walikuwa wawili, mmoja Mmarekani na mmoja Mtanzania, na wote wawili walimshauri jaji amwone mshtakiwa hana hatia. Hapo angalau hoja ya rangi inapoteza makali. Lakini mshtakiwa huyo alitetewa na Byron Georgiadis, mmoja wa mawakili hodari wa Nairobi, wataalamu wa maiti waliulizwa maswali ya kina, na mahakama ilitumia wiki kadhaa kwa mtu mmoja, huku vyombo vya habari vya mabara mawili vikiwa vimekaa ukumbini. Mzee hasemi kwamba hayo yalikuwa makosa. Anauliza tu yalipokwenda baada ya hapo.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kuuleta mjadala Mpanda. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka mkoa wa Rukwa, uliwekwa chini ya Mahakama Kuu Kanda ya Sumbawanga, na mashauri ya mauaji ya huku yamekuwa yakisikilizwa kwa vikao, majaji wakisafiri. Sehemu isiyo ndogo ya mashauri hayo inahusu ndugu: kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka 50 jikoni, anayekutwa amekatwa mapanga usiku, na watuhumiwa ni wanawe au wajukuu wanaodaiwa kuamini kwamba aliwaroga watoto au ng'ombe. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na haijawahi kumwondolea bibi yeyote wekundu wa macho. Kosa la mauaji halina dhamana, hivyo mtuhumiwa hukaa mahabusu akisubiri upelelezi ukamilike, kisha akisubiri kikao.

"Kijana wa namna hiyo," anasema Mzee, "anapewa wakili na serikali. Mara nyingine wanakutana siku chache kabla ya kikao. Daktari wa wilaya ameandika ukurasa mmoja kuhusu majeraha. Shahidi aliona kwa mwanga wa mbalamwezi. Nani atauliza mbalamwezi ilikuwa ya siku ya ngapi?"

"Mahakama ya Rufani imeshauliza, Mzee," anajibu Wakili. Katika hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980 mahakama hiyo iliagiza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho upimwe kwa umbali, kwa mwanga na kwa muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa, na usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Sheria ipo, ni nzuri, na ni ileile ambayo ingetumika kilimani Maswa. Kinachokosekana ni mtu mwenye siku za kutosha kuitumia.

Mpelelezi, ambaye hadi hapa alionekana kuwa adui wa kila hukumu ya kuachiwa, analeta lalamiko ambalo halimo katika vitabu. Anasema kwamba huku pia watu huachiwa, lakini huachiwa kwa jambo jingine: maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya saa nne ambazo sheria inaziruhusu bila kuongezwa muda ipasavyo, huweza kuondolewa katika ushahidi, na kesi iliyosimama juu ya karatasi hiyo huanguka. Wanakijiji wanaona aliyekiri amerudi nyumbani, na hakuna anayewaeleza kwa nini. Wakili anajibu kwamba saa nne hizo ziliwekwa kwa sababu wapo waliokiri baada ya siku nne, na walikiri yote waliyotakiwa kukiri. Tofauti kati ya Maswa na Mpanda, kwa maoni yake, iko hapo hasa: Kinsey aliachiwa kwa sababu ushahidi ulipimwa mmoja mmoja hadi ukaonekana haufikii kipimo, na hata anayeikataa hukumu ile anajua anachokikataa, ilhali hapa Mpanda ushahidi mwingi haupimwi, unaangukia mlangoni, na aliyeachiwa pamoja na aliyefiwa wote wanabaki na swali ambalo hakuna aliyelijaribu.

Kwa maoni yanayoelekea kushinda katika mjadala huu, basi, hukumu ya Jaji Platt haistahili kulaumiwa kwa kumwachia huru Bill Kinsey. Nia haikuthibitishwa, vielelezo vilikuwa na maelezo mawili, na macho ya mbali hayakutosha kumnyonga mtu. Jaji ambaye angeamua vinginevyo angeamua kwa hisia. Inaweza kuulizwa, hata hivyo, kwa nini kesi ambayo ndani yake shaka lilitafutwa kwa bidii kiasi hicho isiwe mizani ya nyingine zote.

"Wiki kadhaa kwa kila kesi?" anauliza Mpelelezi. "Kikao kimoja kina majalada mangapi, Bwana Wakili? Nani atalipa mafuta ya gari la kumpeleka jaji, karani, mawakili wawili na shahidi mpaka kwenye bonde la Mpimbwe wakapime umbali wa mti na mlango?"

Wakili anataja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kisha ananyamaza, kwa sababu anajua kwamba kilichoulizwa ni mafuta, si sheria.

Mzee anasema kwamba zamani sehemu ya kazi hiyo ilifanywa bila gari. Mzee wa baraza aliyekulia katika mashamba ya mtama alijua kwa kutazama tu kwamba mwezi Machi mtama umeshapita kichwa cha mtu mzima na hauruhusu kuona ng'ambo, na alikuwa na ruhusa ya kumuuliza shahidi alisimama wapi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima wa wazee wa baraza katika Mahakama Kuu na kumwachia jaji uamuzi wa kuwaita. Mpelelezi anaona marekebisho hayo yameharakisha kesi, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa hukumu nyingi zilikuwa zikibatilishwa kwa sababu tu wazee hawakuelekezwa ipasavyo. Wakili naye aliyaunga mkono. Mzee anawauliza wote wawili kama wanajua mtama wa Mpimbwe hufikia urefu gani mwezi Machi, na hakuna kati yao anayejua.